Beki wa Kiwanda cha Blanketi

Barua yangu ya kuajiriwa ilisema mimi ni karani wa ghala. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kile cha blanketi, mtaa wa Baba Dogo, kabla sijajua ghala lenyewe lina milango mingapi. Kazi waliyoniitia ilikuwa kusimama mbele ya golikipa na kuzuia mipira. Hiyo niliifanya kila Jumamosi, pamoja na mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, kwa miaka kumi na mmoja.

Mpira wa magongo nilianzia shuleni, karibu na Makadara. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mama mmoja wa Kihindi aliyegawa nafasi kwa kututazama tukikimbia. Wenye mbio aliwaweka mbele. Wenye mbio kiasi akawaweka katikati. Mimi aliniambia nisimame kando kidogo, akaendelea na wengine, kisha akanisahau. Mchezo ulipoanza nilikuwa bado nimesimama pale pale. Mpira ukaja, nikauzuia.

"Wewe ni beki," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu. Sikujua beki ni nini.

Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa katika reli. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, watu saba, chumba kimoja na jiko. Jioni ile nilimwambia nimefanywa beki. Akauliza beki hufanya nini, nikamwambia huzuia. Alitafuna kwa muda.

"Kuzuia ni kazi," alisema. "Treni ikienda kila mtu anapunga mkono. Ikisimama mahali pake hakuna anayepiga makofi." Kisha akaomba chumvi.

Mama hakuwa na neno juu ya mchezo. Alikuwa na neno juu ya sketi. Kina mama wa kanisani walikuwa wamemwambia inaishia mbali na magoti, kwa hiyo akaongeza kitambaa chini, cha rangi nyingine kwa kuwa ile ya shule haikupatikana. Katika mechi yangu ya kwanza refa alisimamisha mchezo akaniuliza mimi ni wa timu gani.

Mwenye kiwanda alikuwa Mhindi mzee aliyekuwa amecheza mpira huo ujanani na kuuachia meno matatu ya mbele. Alikuwa na timu ya wanaume, akaivunja kwa sababu walikuwa wanamjibu, akaanzisha ya wanawake. Alinikuta katika mechi ya mwisho ya mwaka wangu wa kidato cha nne. Wiki iliyofuata niliitwa kwa mahojiano.

"Unajua kupiga chapa?" aliniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Umewahi kufanya kazi kwenye ghala?"

"Hapana."

"Jua likiwa usoni, unaona vizuri upande wa kushoto?"

"Naona."

Nilianza kazi Jumatatu. Nyumbani Mama alimshukuru Mungu kwa kunipa kazi ya ofisini.

Golikipa wetu alikuwa msichana wa Majengo, mnene kidogo, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Siku za kazi alikuwa kwenye cherehani, akipinda kingo za blanketi. Siku za mechi alivaa vikinga vya miguuni alivyonunuliwa na Mzee, na kifuani akajaza vipande vya blanketi zilizoharibika. Alisema blanketi yetu ilikuwa nzito vibaya kulalia, lakini mpira haukupita.

Kwa miaka yote tuliyocheza pamoja nadhani nilimwona uso mara chache kuliko nilivyomsikia. Alikuwa nyuma yangu. Aliniambia, "Kulia kwako, dada," au "Mwache huyo, hana kitu," nami nikafanya hivyo bila kugeuka. Kuna ndugu zangu wa damu ambao sijawahi kuwasikiliza namna hiyo.

Kuna jambo moja la mchezo ule ambalo lazima nilieleze. Kukiwa na kosa karibu na goli, timu nyingine hupewa kona fupi. Walinzi wachache wanasimama nyuma ya mstari wa goli. Mpira unatolewa pembeni, unasimamishwa, na mpigaji wao mwenye nguvu kuliko wote anaupiga kuelekea golini. Mlinzi mmoja anatakiwa kutoka mstarini mbio na kwenda kumkuta yule mpigaji kabla hajapiga, au wakati anapiga. Siku zile hapakuwa na kitu cha kuvaa usoni. Mlinzi huyo alikuwa mimi.

Niliogopa kila mara. Si mara ya kwanza tu, au nilipokuwa mgeni. Niliogopa miaka kumi na mmoja, kona fupi baada ya kona fupi, na nilidhani nimeificha vizuri mpaka siku moja golikipa aliponiambia, akifungua kamba za vikinga vyake, "Najua ukiogopa. Shingo yako hukauka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unaenda."

Mchumba wangu alikuwa karani katika mahakama ya Makadara. Kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya mashahidi. Alikuwa mtu wa Nyeri, mtulivu, viatu safi. Tulikutana kwenye foleni ya posta. Aliniuliza lile gongo nililobeba ni la nini, na nilipomweleza alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengine hawakuwa wamelifanya. Baada ya miaka miwili watu wa kwao wakasema wanataka kuja kujuana na watu wetu. Ikapangwa Jumapili moja, saa nane.

Jumamosi ya kutangulia tulikuwa na mechi na wauguzi.

"Mwanangu, usicheze hiyo kesho," Mama aliniomba Ijumaa usiku.

"Nitakaa nyuma tu, Mama."

Akaridhika. Hakujua kwamba nyuma ndiko mpira unakoelekezwa.

Ilikuwa kona fupi ya pili. Nilitoka mbio, mpigaji akapiga, mpira ukagonga gongo langu, ukapanda, ukanipata kwenye jicho la kushoto. Nilikaa chini. Aliyepiga alikuja na chupa ya maji, akanivua kitambaa cha kichwani, akaniosha, akanifungua kope kwa vidole viwili taratibu kabisa. Alikuwa muuguzi mzuri.

"Jicho lenyewe ni zima," aliniambia. "Litavimba siku kumi. Kaa hapo kando."

Kisha akarudi kupiga kona fupi nyingine, akafunga.

Siku iliyofuata, saa nane, jicho lilikuwa limefunga kabisa na kuwa la rangi ya zambarau. Wageni walikuwa sita. Mnenaji wao alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mwenye koti zito na sauti ya mtu aliyezoea minada ya ng'ombe. Upande wetu mnenaji alikuwa shangazi, dada yake Baba, aliyefika kwa treni kutoka Butere na kuku wawili. Wote wawili walitumia Kiswahili, kwani hapakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Cha baba mdogo kilikuwa Kiswahili cha Nyeri na cha shangazi kilikuwa cha Butere, lakini vilifahamiana.

Nilileta chai. Nilikuwa nimejifunga kitambaa kichwani na kukishusha upande wa kushoto mpaka karibu na pua. Kikombe cha kwanza nilikiweka mezani. Cha pili nilikiweka mahali nilipodhani pana meza. Nilipoinama kuokota vipande, kitambaa kilipanda.

Walikunywa chai. Walizungumzia mvua ya Nyeri, kisha mvua ya Butere, kisha wakalinganisha. Niliketi kwenye stuli mlangoni, na kwa jicho langu moja nikamwona shangazi akichunguza mikono ya mchumba wangu, kidole kwa kidole. Baba mdogo naye alikuwa akichunguza mikono ya Baba. Mikono ya Baba ilikuwa ya mtu aliyefunga breki za mabehewa zaidi ya miaka ishirini, yenye makovu na ukucha mmoja uliokufa. Haikumsaidia.

Mwishowe aliyezungumza alikuwa mama mzazi wa mchumba wangu. Hakuwa amesema lolote tangu salamu. Aliweka kikombe chini.

"Mimi nauliza," alisema. "Jicho la msichana limefanya nini?"

"Ni mpira, Mama," Baba akajibu.

"Mpira gani unafanya hivyo?"

"Wa magongo."

Chumba kikatulia. Majirani wa ukutani nao wakatulia.

"Anapigwa na magongo?"

"Hapigwi. Anacheza."

"Na nani?"

"Na wanawake wenzake. Kila Jumamosi."

Baba mdogo akakohoa. "Mzee mwenzangu," akasema polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha, "wanawake wanapigana na magongo kila Jumamosi, na wewe unajua?"

"Najua. Nikipata nafasi huenda kutazama."

Hapo shangazi, ambaye alitakiwa kuwa upande wetu, akamgeukia Baba. "Nyumbani ulituambia mtoto ni karani."

"Ni karani."

"Karani wa nini?"

"Wa ghala."

"Na ghala linahitaji magongo?"

Mchumba wangu akaona ni wakati wa kusaidia. Alimwinamia mama yake akaanza kumweleza kwa Kikikuyu, kwa ule utulivu wake wa mahakamani. Katika maelezo yote nililifahamu neno moja tu, "hospitali", na papo hapo mama yake akashika kifua. Niliinuka, nikaenda nyuma ya pazia, nikarudi na mpira.

Ulipita mikononi mwa wote. Baba mdogo aliugonga kwa kifundo cha kidole. Aliupima uzito. Aliunusa.

"Hili ni jiwe," alitangaza. "Limepakwa rangi nyeupe, lakini ni jiwe."

Mpira ukamfikia yule mama. Aliuweka mapajani juu ya leso, akautazama, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeacha kujificha. Kitambaa kilikuwa mkononi.

"Linauma?"

"Linauma, Mama."

"Na Jumamosi ijayo utakwenda tena?"

Mama yangu alinitazama kwa namna ambayo ilieleweka katika lugha zote za chumba kile. Nilijua jibu lililotakiwa. Lakini Jumamosi ijayo tulikuwa na mechi na timu ya walimu, na beki mwenzangu alikuwa amefiwa, ameenda kwao.

"Nitakwenda," nikasema.

"Basi nitakuja kuona," alisema mama yule, akanirudishia mpira.

Wageni walipoondoka Mama hakunisemesha. Shangazi alinisemesha kwa niaba ya wote wawili. Kuku wale, waliokuwa wameletwa kwa ajili ya furaha, walibaki wamefungwa miguu chini ya meza hadi kesho yake.

Yule mama wa Nyeri alikuja kweli. Alikuja na baba mdogo, na Mzee wa kiwanda aliposikia ni wakwe watarajiwa akawatolea viti vya ofisini na soda, akakaa kati yao akiwaeleza kila kitu kwa midomo isiyo na meno ya mbele. Sina hakika walifahamu kiasi gani. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu na changarawe, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeufanya uteleze.

Jicho lilikuwa limefunguka nusu. Golikipa alinitazama kabla ya mechi akasema, "Wewe shughulika na kulia. Kushoto nitakuambia mimi."

Ndivyo tulivyocheza. "Kushoto, hatua mbili." "Kushoto, sasa." "Mwache." Nilipiga gongo upande ambao sikuuona, na mara nyingi mpira ulikuwepo. Walimu walipata kona fupi saba. Mara saba nilisimama kwenye mstari shingo imenikauka, na mara saba nikatoka. Moja ilinipata kwenye muundi, nikasikia watu wakiguna, na sauti moja ya kike iliyosema kitu kwa Kikikuyu ambacho mume wangu amekataa kunitafsiria mpaka leo.

Tulitoka sare, bila kwa bila. Nilikuwa sijawahi kucheza vizuri namna ile, na sikuwahi tena.

"Kwa hiyo," baba mdogo aliuliza tulipowafuata kwenye viti, "hakuna kilichotokea?"

"Hakuna," Mzee akamjibu kwa furaha kubwa. "Hakuna kabisa!"

Mama yule aliniomba nikae kwenye kiti cha baba mdogo, naye baba mdogo akasimama. Alinitazama mguu, uliokuwa umeanza kuvimba.

"Umefunga mangapi?"

"Sikufunga, Mama. Mimi ni beki. Sijawahi kufunga."

"Sasa kazi yako ni nini?"

"Kuzuia wengine wasifunge."

"Na ukizuia, nani anakushukuru?"

Nilifikiri. "Golikipa. Wakati mwingine."

Alitikisa kichwa taratibu, akamalizia soda yake.

"Basi umeshazoea," alisema.

Tulioana mwaka uliofuata, kanisani, jicho zima. Mzee alituletea blanketi mbili zenye mistari iliyonyooka, si zile zilizoharibika tulizozoea kupewa, jambo ambalo wafanyakazi wengine walilizungumzia kwa miezi. Nilicheza nikiwa mke wa mtu, kisha nikiwa mama wa mtu. Nilikaa nje kwa kila mtoto, watatu kwa jumla, na kila mara nilirudi nikiwa mzito zaidi na mwenye kusoma mchezo vizuri zaidi. Mkwe wangu hakuja tena kutazama, lakini kila alipotuma mtu kutoka Nyeri na viazi, alimwagiza aulize kwanza habari za macho yangu, ndipo aulize za wajukuu.

Sikuvunja kitu kikubwa. Vidole viwili, jino moja la pembeni, na goti la kulia lililoanza kutoa sauti mwaka wa tisa. Watoto wa mtaani waliniita "Beki", na wale wadogo kabisa walidhani ndilo jina langu la ubatizo. Kwenye ofisi ya kiwanda nilikuwa na meza. Juu yake palikuwa na kalamu, muhuri, na kopo la dawa ya kuchua.

Kisha Mzee akazeeka. Alianza kuja kwenye mechi akiwa amefunikwa blanketi, halafu akaacha kuja, na kiwanda kikachukuliwa na meneja mpya, kijana mwenye shati jeupe ambaye hakuwahi kupoteza jino lolote. Katika juma lake la kwanza alituita mmoja mmoja.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Mimi ni beki."

Alitazama karatasi yake. "Beki si cheo katika kiwanda."

"Basi mimi ni karani wa ghala."

"Vizuri. Blanketi za shule huwa zinakaa upande gani?"

Hakuwa mtu mbaya; aliniambia nina mwezi mmoja wa kujifunza, na timu imevunjwa. Ndani ya mwezi ule nilijifunza ghala lote, rafu kwa rafu. Milango ilikuwa minne. Nilibaki hapo miaka mingine mingi, na watu waliokuja baadaye walinifahamu kama karani mkali ambaye hakuna kitu kilichompita mlangoni bila karatasi.

Golikipa hakungoja mwezi uishe. Alikuwa na shemeji mwenye duka la nguo Mombasa, akaamua kwenda kushona huko. Alikuja kuniaga ghalani. Tulisimama tukitazamana, na tukagundua kwamba hatujui tuanzie wapi, kwa kuwa karibu mazungumzo yetu yote tuliyafanya mimi nikiwa nimempa mgongo.

"Geuka," alisema mwishowe.

Niligeuka nikatazama rafu.

"Nilikuwa nakushukuru kila mara," alisema nyuma yangu. "Si wakati mwingine. Yule mama wa Nyeri ulimdanganya."

Nilipogeuka tena alikuwa ameshafika kwenye lango la nje, akimwambia askari wa lango kwamba mfuko wake hauna blanketi.

Jumamosi ya kwanza bila mechi niliamka mapema. Nilifua, nikaanika, nikapiga pasi nguo za wiki mbili, nikapika chakula cha mchana na cha usiku. Nilipomaliza ilikuwa saa sita na robo. Mume wangu alirudi kutoka kazini akakuta nimekaa kitandani na viatu miguuni.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Watoto wako wapi?"

"Wako nje. Wamekula."

Aliweka mkoba wake chini. Alikaa nami kidogo, kisha akasema twende tutembee, na hakuuliza wapi. Tulitembea mpaka uwanja mmoja wa mpira wa magongo ambapo wanaume wa timu mbili ambazo hatukuzijua walikuwa wakicheza. Tulisimama nyuma ya goli. Baada ya dakika chache nilimwambia mabeki wa timu ya bluu ni wabovu, wanasubiri mpira uwafikie, na mmoja wao anafumba macho kabla ya kugongwa.

Mume wangu alitazama uwanja kwa makini, kulia na kushoto, kama anavyotazama karatasi za mahakama.

"Beki ni yupi?" aliuliza.

Tulikuwa tumeoana miaka minane. Nilimshika kidole, nikakielekeza.